Kiboko, Mama Mkwe na Mbuzi Mmoja

Tawa,
Jumatatu, 3 Juni 2024

Kwa Madam Kagure,
Kagure Furaha Safaris, Kasikeu.

Madam,

Salamu nakupa, lakini nusu. Nusu ile nyingine utapata tukishamalizana.

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu yangu siku hizi huishiki. Zamani ulikuwa unashika unaniambia uko kwa mkutano. Sasa yule msichana wa "mteja hapatikani" ndiye ananijibu, na yeye sina ugomvi naye, ana heshima kuliko wewe.

Kwanza ujue unaandikiana na nani. Mimi ni Nzau Muthama, Nzau wa Kisiagi, uliza mtu yeyote sokoni Tawa. Kabla sijaanza kusagia watu mahindi nilikuwa tanboi wa trela. Nimelala Kampala, nimelala Kigali, na Juba nimekula samaki ambaye hapiti kwa mlango wa ofisi yako. Shule niliachia darasa la saba, yaliyobaki nikafundishwa na barabara. Kwa hivyo mtu akiniuzia safari mbovu najua, kwa sababu nzuri nimeziona.

Pasaka ulitupeleka Naivasha watu watatu: mimi, mke wangu Kathini, na mtu wa tatu. Kwa ile karatasi yako uliandika kuna bwawa la kuogelea. Bwawa lilikuwepo, ni kweli, lakini ndani kulikuwa na majani makavu na chura mmoja, naye pia alionekana kama ameandikiwa uongo. Uliandika "bufee". Bufee ilikuwa ni wali, na kando yake wali mwingine. Uliandika maji moto masaa yote. Madam, maji yale ningeyapata baridi hivyo bure mtoni, tena bila kupanda gari.

Hayo yote nakusamehe. Mwanamume aliyelala chini ya trela Malaba hawezi kulilia wali.

Ambayo sisamehe ni ile picha. Ulimtuma kijana wa kamera atupige picha kwa boti, hukuniuliza, ukaichapa kubwa kama mlango, ukaibandika ubavuni mwa vani yako na kuandika MAPENZI HAYAZEEKI. Sasa mimi na mtu wa tatu tunatembezwa kaunti mbili tumekumbatiana. Kwa sababu ya picha hiyo, ntheo ya msichana wangu Kavindu inataka kuvunjika. Wakwe wanaleta mbuzi za kumposa hapa kwangu Jumamosi tarehe 24 Agosti, na mtu ambaye lazima awepo amesema haji.

Kwa hivyo nataka fidia. Moja, toa hiyo stika. Mbili, unilipe mbuzi jike mchanga ambaye hajazaa. Kwa nini mbuzi, usiniulize. Kuna mambo mtu mzima hasemi.

Ni mimi, nikiwa na hasira lakini nimekula,
Nzau Muthama


Kasikeu,
10 Juni 2024

Mpendwa Mzee Nzau,

Bwana asifiwe sana. Barua yako niliipata kwa dereva wa pikapu ya machungwa, na mimi siku hizi simu naogopa kushika kwa sababu wanaonipigia wengi ni watu wa mkopo wa vani. Nisamehe, sikukukimbia wewe.

Kuhusu bwawa na wali, una haki. Ile hoteli ilinidanganya, na mimi nikakudanganya bila kujua. Nimekutumia kitu kidogo kwa simu, si kingi, lakini ni cha moyo safi.

Sasa kuhusu picha. Mzee, nimesoma barua yako nikaisoma tena, halafu nikafunga mlango wa ofisi nikaomba. Nitakuambia ukweli kama dada. Mlipopanda vani hapa, niliona mama mmoja mnene mwenye kilemba cha kijani na mwingine mwembamba. Picha zilipokuja, nikaona vile wewe na huyo mnene mmeshikana. Nikasema, huyu ndiye mke, na yule mwembamba ni binti yao amewasindikiza. Ndiyo maana niliandika yale maneno. Nilifurahi hata machozi yakanitoka, kwa sababu mume wangu marehemu Wanyoike hakuwahi kunishika hivyo hata siku ya harusi.

Kumbe mke ni yule mwembamba! Na huyo "mtu wa tatu" hutaki kumtaja jina. Mzee, mimi si mtoto. Nimeelewa. Huo ni mpango wa kando. Sitakuhukumu, sisi sote tunahitaji neema. Lakini kumpeleka mpango wa kando Naivasha pamoja na mke wako, kwa vani moja, siku ya Ijumaa Kuu! Hata huko Kampala ulikolala sidhani walikufundisha hivyo.

Ushauri wangu ni huu: achana naye kabla ya posa ya msichana wako. Huyo mbuzi unayetaka kumtuliza naye, mimi kama Mkristo siwezi kununua.

Wako katika Bwana,
Kagure


Tawa,
14 Juni 2024

Kagure! Kagure! Kagure!

Nimekuita mara hizo zote kabla sijaanza, ili uamke.

Barua yako ilifika nikiwa kwa mashine, mikono ina unga, nikamwambia Kathini anisomee kwa sauti. Kathini akasoma. Alipofika pale kwa "mpango wa kando" akakaa chini juu ya gunia la mtu. Nilidhani analia. Kumbe anacheka. Mpaka leo anacheka jikoni, nikimuuliza anasema ni moshi.

Yule mama mnene wa kilemba cha kijani ni MAMA YA KATHINI. Ni mama mkwe wangu! Anaitwa Syombua, anakaa Tseikuru, ana mbuzi wengi kuliko wewe ulivyo na wateja.

Sasa nitakueleza, kwa sababu naona huko kwenu hamkufundishwa. Sisi Wakamba tuna nthoni. Nthoni ni heshima ya mkwe na mama mkwe. Mimi simtazami usoni. Sikai naye kiti kimoja. Nikimwona anakuja kwa njia, naingia kwa majani mpaka apite, na yeye akiniona kwanza anaingia yeye. Siku moja tuliingia sisi wote wawili, tukakaa huko kila mtu kwa kichaka chake mpaka mtu akapita akatuambia barabara iko wazi. Tangu nimuoe Kathini, huyo mama hajawahi kuniita jina. Akitaka kunitumia neno anamwambia Kathini, "Mwambie huyo." Mimi ni Huyo. Na tunapendana sana, usidhani ni ubaya. Ndiyo kupendana kwenyewe.

Utauliza, kama ni hivyo, mbona nilimpeleka Naivasha? Madam, huyo mama amechunga mbuzi maisha yake yote mahali ambapo maji ukiyaona unayasalimia. Nikasema, huyu lazima aone ziwa kabla hajazeeka macho, na mimi ndiye mkwe wa kumlipia. Nikapanga kila kitu. Yeye kiti cha mbele cha vani, mimi cha nyuma kabisa. Yeye na Kathini nyumba yao, mimi yangu. Chakula nilikula nimewapa mgongo, ndiyo maana yule mpishi alidhani namkasirikia yeye.

Tulipofika kwa boti, mwenye boti akasema, "Wazito wakae katikati, la sivyo tutapinduka." Nikakataa. Akasema basi boti haiendi. Watu wengine wakaanza kupiga kelele, kuna mzungu mmoja akaniambia "hakuna matata", nikatamani kumwonyesha matata. Nikakaa. Mimi natazama huku, mama anatazama kule, katikati yetu tumeweka kikapu.

Halafu kiboko akatoa kichwa, hapo hapo karibu, mdomo wazi kama buti ya gari. Mama wa watu akashtuka, akanirukia. Angekuwa mtu mwingine angepiga kelele hapo. Mimi nilisimama imara kama nguzo ya stima, nikamtuliza, nikamkodolea macho yule kiboko mpaka akaona haya akazama. Na hapo ndipo kijana wako akabonyeza kamera.

Tulitoka kwa boti, tukakubaliana kimya kimya kwamba hakuna kilichotokea. Na ingekuwa hivyo, Kagure, kama si wewe. Mwezi jana vani yako ilikwenda Tseikuru kuchukua akina mama wa kanisa wanaenda mkutano Mwingi. Ikaegeshwa mbele ya kanisa, watu wakitoka ibada. Mama akatoka na Biblia yake, akajiona. Mzee mmoja anaitwa Kiilu, mdomo wake hauna breki, akamuuliza mbele ya watu, "Syombua, umeolewa lini, na mbona hatukuitwa?"

Mama akarudi nyumbani kwa miguu. Mkutano hakwenda. Ametuma neno kwa Kathini: "Mwambie huyo mimi sikanyagi Tawa." Na kwa nyumba yetu, nyanya ya msichana asipokuwepo, wazee hawagusi kamba ya mbuzi wa posa. Wakwe wetu, watu wa Nyamai, watakuja na mbuzi zao na watarudi nazo. Kavindu wangu amenyamaza tangu juzi, na huyo ni mtoto ambaye hajawahi kunyamaza.

Dawa iko moja. Nthoni ikivunjwa, mbuzi analipwa. Akiliwa, aibu imekwisha. Na anayelipa ni aliyeleta aibu. Huyo ni wewe.

Nzau, mume wa mke mmoja


Kasikeu,
28 Juni 2024

Mzee Nzau,

Nimeaibika mpaka nimeshindwa kuandika kwa siku nyingi. Nilimwita mama mkwe wa mtu mpango wa kando! Nimetubu. Nimemwambia pia pasta wangu, naye akacheka mpaka akatoka nje, kwa hivyo sijui kama toba yangu imehesabiwa.

Stika tumeitoa. Haikutoka vizuri. Siku ya kwanza ilitoka nusu, ikabaki wewe peke yako na mkono wa mama shingoni, na watu wa Sultan Hamud wakawa wanauliza huyu jamaa ananyongwa na nani. Siku ya pili tukapaka rangi juu yote. Sasa vani ina baka la bluu, lakini haisemi kitu.

Mbuzi pia nimetuma. Dereva wangu Gathua alikuwa anaenda upande wa Mwingi, akampeleka moja kwa moja mpaka Tseikuru. Si mbuzi wa mchezo, Mzee. Ni mbuzi wa maziwa, mweupe, nilimchagua kwa mama mmoja hapa ambaye mbuzi wake wana majina. Huyu anaitwa Shiko. Nilimfunga utepe mwekundu. Nadhani sasa mama ametulia.

Dada yako,
Kagure


Tawa,
9 Julai 2024

Kagure dada yangu,

Mama hajatulia.

Gathua alifika na Shiko akampata mama kwa zizi. Mama akaangalia mbuzi, akaangalia utepe, akainama akaangalia chini ya mbuzi. Akauliza, "Huyu anakamuliwa?" Gathua kwa furaha akamwambia ndiyo, asubuhi na jioni, na ameshazaa mapacha. Mama akasema, "Kwa hivyo mmeniletea mama wa watoto nimle." Akampa Gathua chai, akampa na Shiko arudi naye.

Nilisema HAJAZAA. Niliandika kwa barua ya kwanza kabisa. Wewe ni kama yule mwenye boti, unaambiwa na unapanga watu vile unataka.

Lakini kosa lingine ni langu, sikukueleza vizuri. Mbuzi wa nthoni hatumwi kama parseli. Mama amemwambia Kathini hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Mwambie huyo amwambie huyo mwingine, aliyenitembeza uchi kwa gari aje kwa miguu yake." Hukumtembeza uchi, alikuwa na kilemba na jaketi la maji, lakini unajua watu wazima wanavyosema.

Kwa hivyo ni lazima uende mwenyewe. Tseikuru ni mbali, barabara ina vumbi, na huko hutapata wali mbili. Usiogope. Mbuzi mnunue sokoni huko huko, muulize mwenye kuuza mbele ya watu, "Huyu amezaa?" ili wasikie. Ukifika kwa boma usiingie na viatu vya maringo. Simama mlangoni uite. Ukipewa kitu cha kula, kula.

Na zile pesa za bwawa ulizonitumia, nimekurudishia kwa simu leo. Ongezea kwa mbuzi na mafuta. Usibishane na mimi. Mtu anayefuatwa na watu wa mkopo hawezi kunilipia chura. Pia Gathua akipita hapa Jumanne ijayo atachukua gunia la unga, nimesaga laini, ni la watoto wako. Hasira nilikuwa nayo, lakini imeisha, sijui ilienda wapi.

Ila harakisha. Agosti haingoji. Juzi nilimpata Kavindu anapiga pasi nguo ya ntheo, akaniona akaikunja akairudisha sandukuni. Mimi niliyemtazama kiboko nikashindwa kumtazama mtoto.

Nzau


Kasikeu,
30 Julai 2024

Kaka Nzau,

Nimerudi jana. Nina vumbi mpaka ndani ya masikio na nimechoka kama punda, na sijawahi kupumzika hivi tangu Wanyoike afe.

Nilifanya kama ulivyosema. Sokoni Tseikuru nikauliza kwa sauti, "Huyu amezaa?" Soko lote likageuka. Mzee mmoja akajibu kabla ya mwenye mbuzi: "Hajazaa, mama, lakini wewe tunakujua, si wewe wa ile gari?" Nadhani ndiye Kiilu. Alinifuata mpaka njiani akitaka kujua kama naweza kumbandika na yeye kwa vani, na mtu wa kukumbatia akasema atajitafutia.

Nilisimama mlangoni na mbuzi wangu nikaita. Mama akatoka. Hakunisalimu. Akaangalia chini ya mbuzi, akaangalia miguu yangu, akaniuliza, "Umekula?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi hayo mengine yatangoja."

Nilidhani nitatoa mbuzi, niombe msamaha, nigeuze gari. Aliniambia mbuzi wa namna hiyo haliwi na mtu mwenye haraka. Akanilaza kwake. Asubuhi akanipa kibuyu twende kuchota maji, tukachimba mchangani mtoni mpaka yakatoka, na mimi ninayeuzia watu ziwa nikashangilia kikombe cha maji. Nimekula muthokoi, yale mahindi yenu ya kukoboa na maharagwe, nimekula asali na masega yake, nimechunga mbuzi nikapoteza mmoja, akarudi mwenyewe. Hakuna picha hata moja niliyopiga, niliogopa.

Siku moja kabla sijarudi akaita akina mama wa kanisa, mbuzi akachinjwa. Nikasimama mbele yao nikaomba msamaha, nikasema mimi ndiye mwenye kosa, kwamba mkwe wake ni mtu wa heshima na hakutaka kukaa katikati ya boti. Wakaimba. Tukala.

Baada ya kula akaniuliza kama picha nyingine za siku ile bado ninazo. Nikamwambia ziko kwa simu, yule kijana alipiga nyingi mfululizo. Akavaa miwani, akaziangalia moja moja. Kwa mojawapo akasimama. Akaanza kucheka, akashika nguzo ya nyumba, akacheka akaketi chini. Akawaita wale akina mama, nao wakaketi chini.

Kaka, nimeapa nisikuambie ni picha gani. Alichonipa ni bahasha, ameifunga mwenyewe kwa gamu ya mti. Barua ya ndani aliiandika jana asubuhi kabla sijaamka. Jina ulilo nalo limeandikwa juu. Nimeshangaa, kwa sababu uliniambia hajawahi kulitaja. Ninakutumia pamoja na barua hii.

Dada yako,
Kagure


Tseikuru,
29 Julai 2024

Nzau,

Nimeandika mwenyewe. Nilisoma gumbaru, ile shule ya watu wazima, hukujua kwa sababu hatukuwa tunaongea.

Mbuzi ameliwa. Alikuwa mtamu. Yule mwanamke wa Kasikeu ni mtu mzuri ila hajui kuchunga. Sasa mimi na wewe tunaweza kusalimiana kama watu, na nikikuona kwa njia sitaingia tena kwa miiba. Nashukuru, magoti yangu yalikuwa yamechoka na hiyo heshima.

Nashukuru pia kwa ziwa. Nilitaka kukuambia tangu siku ile na sikuwa na njia. Nilipofumba macho usiku bado niliona yale maji yote, na hakuna mtu anayapangia foleni.

Nimeona zile picha. Kwa ya kwanza kiboko ameinua kichwa. Kwa ya pili wewe umekaa kwa mapaja yangu, macho umefumba, miguu iko juu, na mdomo wako uko wazi kuliko wa kiboko. Ya tatu ni ile ya gari. Kathini aliniambia vile unavyohadithia watu hapo Tawa, ati nguzo ya stima.

Sikusema kitu. Nthoni hairuhusu mama mkwe kumtaja mkwe wake kwa ubaya, hata akiwa mwoga. Nilikushika kwa sababu ungeanguka kwa maji, na mkwe nina mmoja tu. Nikashika na kimya changu, hata Kiilu aliponicheka.

Lakini wewe mwenyewe umehangaika mbuzi alipwe, na mbuzi amelipwa, na mdomo wangu umefunguka.

Mwambie Kavindu atoe nguo kwa sanduku. Tarehe 24 nitakuwa hapo asubuhi, mapema, nipokee hizo mbuzi za watu wa Nyamai. Hiyo picha ya pili nimemwambia Kagure aichape kubwa, nitakuja nayo. Wageni wakishakula, uniombee nafasi kwa mshereheshaji. Nitasema maneno kidogo.

Ni mimi, mama yako,
Syombua